Wastani Hautoshi: Nafasi ya Grafu katika Uchunguzi wa Data

Aghalabu mtafiti chipukizi wa Kiswahili anaporejea kutoka nyanjani na hojaji zake, hukimbilia kukokotoa wastani, akautia katika jedwali na kutoa hitimisho. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba mwendo huo una hatari, na kwamba data hazina budi kuchorwa kabla ya kufasiriwa.

Takwimu elezi ni mbinu za kufupisha data nyingi kwa tarakimu chache. Wastani na alama ya katikati hudhihirisha kitovu cha data, ilhali tofauti baina ya alama ya juu na ya chini hudhihirisha mtawanyiko wake. Tuchukulie kwamba wanafunzi watano wa darasa moja wamepata alama 48, 49, 50, 51 na 52 katika insha, nao watano wa darasa jingine wamepata 10, 20, 50, 80 na 90. Madarasa yote mawili yana wastani wa 50, na alama ya katikati pia ni 50. Hata hivyo, tofauti baina ya alama ya juu na ya chini ni 4 katika darasa la kwanza na 80 katika la pili. Mtafiti atakayependekeza madarasa haya yafundishwe kwa namna moja atakuwa amewatupa wale wawili waliopata 10 na 20.

Je, kupima mtawanyiko kunatosha? La hasha. Mnamo mwaka wa 1973, mwanatakwimu Francis Anscombe alichapisha seti nne za data, kila moja ikiwa na jozi 11 za thamani za x na y. Katika seti zote, wastani wa x ni 9 na wa y ni takriban 7.5, mtawanyiko unalingana, na kipimo cha uhusiano wa x na y ni takriban 0.82. Anayetazama tarakimu hizo pekee ataapa kuwa seti zote ni sawa.

Zinapochorwa kwenye grafu ya nukta, siri hufichuka. Katika seti ya kwanza, nukta zimesambaa kandokando ya mstari mnyoofu. Ya pili ni mkunjo ulio kama upinde. Ya tatu ni mstari mnyoofu uliopotoshwa na nukta moja iliyojitenga. Katika ya nne, nukta kumi zina thamani moja ya x, yaani 8, na nukta moja tu, iliyo kwenye 19, ndiyo inayozua uhusiano wote huo. Ukiiondoa, uhusiano hautoweki tu, bali hauwezi hata kupimwa.

Kwa hivyo, mwanafunzi anayeandaa tasnifu na achore kwanza, aisake nukta iliyojitenga na kuuliza asili yake, kisha ndipo achague kipimo kifaacho. Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na wastani nao huweza kuwa mkakasi.