Kigimbi: Misuli Miwili, Mguu Mmoja



Kila inapokaribia siku ya michezo tunawaona vijana wetu wakirukaruka uani ili wapate nguvu za miguu. Baada ya wiki mbili hutazama vigimbi vyao, na wakiona havijanenepa huacha. Hilo ni kosa, na leo tunapenda kueleza kwa nini.

Kigimbi, yaani ile nyama iliyo nyuma ya mguu chini ya goti, si msuli mmoja. Ni misuli mikubwa miwili iliyolaliana. Wa nje, ule unaoonekana, una vichwa viwili na huanzia kwenye mfupa wa paja, juu ya goti. Wa ndani ni bapa na huanzia chini ya goti. Yote miwili huishia kwenye kano moja nene inayoshika kisigino.

Msuli umejengwa kwa nyuzi. Mtazameni kuku: paja lake, linalofanya kazi kutwa, lina nyama nyekundu, kidari chake, kinachomrusha mara mojamoja, kina nyama nyeupe. Nyuzi nyekundu hazichoki upesi. Nyeupe zina nguvu ya ghafla, lakini huchoka haraka. Kwa binadamu zimechanganyika. Msuli wa ndani una nyekundu nyingi zaidi, ndiyo maana tunaweza kusimama muda mrefu. Wa nje una nyeupe za kutosha za kurukia na kutimulia mbio.

Basi jaribuni hivi. Simameni, magoti yamenyooka, muinue visigino: misuli yote miwili hufanya kazi. Kisha kaeni kitini muinue tena: goti likikunjwa msuli wa nje hulegea, na kazi kubwa huuangukia wa ndani. Zoezi hili la kukaa hata bibi na babu wanaliweza, nalo linawafaa, kwani msuli huo hutuzuia tusianguke mbele tunaposimama, na husukuma damu irudi moyoni.

Na waliokata tamaa je? Wiki za mwanzo nguvu huongezeka kwa sababu mishipa ya fahamu hujifunza kuziamsha nyuzi nyingi kwa pamoja. Unene huja baadaye. Kwa hiyo msiache. Anzeni na mara 10, mkiinua na kushusha taratibu, na mkisikia maumivu makali pumzikeni.