Kitenzi Kimoja, Njia Tatu

Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya kazi. Hivyo lugha yetu imekaa baraza moja na Kihispania, lugha ya ndugu zetu wa Guinea ya Ikweta. Madaktari wa Kuba nao wamehudumu katika visiwa vyetu kwa miaka mingi. Kwa hivyo si jambo la upuuzi leo kukitazama kitenzi kimoja cha Kihispania, nacho ni esperar.

Mwingereza anapokifasiri kitenzi hiki hana budi kuchagua moja kati ya maneno matatu: wait, hope au expect. Sisi tuna kungoja, kutumaini na kutarajia. Mhispania neno lake ni moja. Asemaye 'esperamos el barco' aweza kuwa anaingoja meli hapo bandarini, au anaitarajia wiki ijayo. Hata mama mja mzito husemwa kwa kitenzi hicho hicho kuwa anamngojea mtoto.

Jee, maana hutambulikanaje? Siri imo katika maneno yanayofuata. 'Esperamos que el barco llegue' ni matumaini tu, kwani kitenzi cha pili kimo katika hali ya kutaka, kama sisi tusemavyo 'ifike'. 'Esperamos que el barco llegará' ni matarajio, kwa kuwa msemaji ametumia wakati ujao: 'itafika'. Na ikiongezwa herufi moja tu, 'esperamos a que llegue', basi ni kungoja mpaka ifike.

Wasomaji waliokalia jamvi la chuoni watafurahi kujua kwamba Mhispania anapotamani jambo husema ojalá, neno lililotokana na Kiarabu, lenye jina la Mwenyezi Mungu ndani yake. Ni urithi wa zama ambazo Waislamu walitawala katika Hispania, kuanzia 711 hadi 1492. Nalo hufuatwa na hali hiyo hiyo ya kutaka: 'Ojalá llegue'. Aliyemkabidhi Mola jambo lake hatoi tarehe.

Haya si ya darasani peke yake. Tuchukue mfano wa barua ya Kihispania isemayo kuwa dawa zinatumainiwa kufika mwezi wa Mei. Mfasiri akiandika 'zitafika', mkuu wa bohari hataagiza nyengine, na atakayelipa ni mgonjwa. Kosa hilo huwa jepesi zaidi kutendeka pale barua inapopitia Kiingereza kwanza, ndipo ije kwa Kiswahili.

Kwa hivyo tunawaomba wakuu wa ofisi wahakikishe kuwa barua zinafasiriwa moja kwa moja kutoka lugha yake, na vijana wetu wasomeshwe lugha hiyo. Na penye shaka, mwandishi wa barua aulizwe bila ya kuona haya: mnangoja, mnatumaini, au mnaahidi? Wazee wetu walisema ahadi ni deni. Hawakusema hivyo juu ya tumaini.