Shanga za Akiki za Bibi Zetu



Katika mitaa yetu ya Handeni na Korogwe tumeulizwa mara nyingi neno moja, na mwezi huu twapenda kulijibu. Mtu aliyebatizwa, akiwa na shanga za mawe alizoachiwa na wazee wake, je, azivae, azitupe, au aziuze? Wengine hujibu upesi kwamba vitu vya kale ni vya giza, basi vitupwe. Wengine husema ni mali, basi viuzwe. Sisi nasi tulikuwa miongoni mwa wenye kujibu upesi, kwa hiyo yafaa tuanze na kosa letu wenyewe.

Tulipokuwa tungali vijana, tumetoka chuoni juzijuzi, tulitumwa kufundisha Kang'ata. Katika darasa la ubatizo alikuwako mama mmoja mzee, mjane, mwenye bidii ya kujifunza kuliko vijana. Shingoni alivaa uzi mweusi wenye shanga tatu za jiwe jekundu, na moja ilikuwa na mstari mweupe katikati. Hatukumwuliza habari zake. Tulimwambia mbele ya darasa zima kwamba ile ni hirizi, wala hatabatizwa mpaka aivue.

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mama yangu alinivika siku aliyokufa, naye alivikwa na mama yake. Sina kitu kingine chao."

Tukamjibu kwamba aliye na Kristo hahitaji kitu kingine. Maneno hayo ni kweli, walakini tuliyasema bila upendo, na kweli isiyo na upendo huumiza kama jiwe. Mama akalifungua fundo kwa vidole vyake mwenyewe, akatupa ule uzi mkononi, akarudi kuketi. Tulikusudia kuutupa mtoni. Hatukuutupa, tuliutia katika kopo la chaki, na kwa kazi nyingi tukausahau.

Miaka mingi baadaye tulikwenda Dar es Salaam kwa shughuli za Kanisa, tukaingia katika Nyumba ya Makumbusho. Humo, ndani ya sanduku la kioo, zilikuwako shanga zilizochimbuliwa Kilwa. Tukasimama pale muda mrefu, maana miongoni mwake tuliona nyekundu mfano wa zile za kopo letu. Tangu siku ile tulianza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Akiki ni jiwe lililofanyika katika matundu ya mawe ya volkano. Maji yenye madini yalipenya polepole matunduni, yakaacha tabaka juu ya tabaka. Ndiyo sababu jiwe likikatwa laonekana na mistari kama ile ya shina la mti. Ni gumu kuliko kioo, hata laweza kukikwaruza. Ile nyekundu tupu nayo ni ya ukoo huo huo. Watu wa pwani walijua sana jiwe hili katika pete, na jina lake limetoka katika Kiarabu.

Wala msidhani kwamba Waafrika walingojea wageni ndipo wapende mawe haya. Mwaka 1938 Bw. Louis Leakey na mkewe Mary walichimba pango moja kando ya mto Njoro, nchi ya Kenya. Wakakuta mabaki ya watu wapatao themanini, ambao miili yao ilichomwa moto na kuwekwa humo, pamoja na mabakuli ya mawe na mamia ya shanga za mawe, nyingi zikiwa za jamii ya akiki. Watu hao waliishi yapata miaka 3,000 iliyopita, wala hawakuwa na chuma. Fikirini, ndugu, kazi ya kutoboa jiwe gumu namna ile bila chuma, siku baada ya siku, na mwisho wake kumwekea marehemu. Yeye aliyefanya hivyo alipenda watu wake.

Lakini shanga nyingi za akiki zilizoonekana katika miji ya kale ya pwani zilivuka bahari kutoka Bara Hindi, hasa upande wa Gujarati, penye mji wa Khambhat. Huko kazi hii ina umri wa zaidi ya miaka 4,000. Mawe huchimbwa Ratanpur, huanikwa juani siku nyingi, kisha hutiwa katika vyungu na kuokwa kwa moto wa mavi ya ng'ombe, na kwa moto huo rangi ya udongo hugeuka kuwa nyekundu. Ndipo fundi hulipasua jiwe kidogo kidogo, hulisugua, na hulitoboa kwa keekee yenye ncha ya almasi. Zamani shanga zilitiwa katika mfuko wa ngozi pamoja na maji na unga wa mawe, zikavingirishwa huku na huku mpaka zikang'aa. Ajabu ni hii: mafundi wa huko humheshimu kama msimamizi wa kazi yao mtu mmoja wa kale aitwaye Baba Ghor, naye kwa masimulizi yao alikuwa Mwafrika, mfanya biashara aliyevuka bahari akaistawisha kazi ya akiki. Kaburi lake li karibu na machimbo ya Ratanpur, na watu wa asili ya Afrika, waitwao Masidi, hulitunza. Hakuwa wa dini yetu, lakini habari yake yatufundisha kwamba bahari ile ilivukwa kwenda na kurudi.

Bw. Neville Chittick alipochimba magofu ya Kilwa katika miaka ya 1960, alizitoa ardhini shanga za akiki pamoja na nyingi za kioo. Na karibu nasi zaidi, upande wa Mombo katika wilaya ya Korogwe, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta vitu vya pwani katika makao ya watu wa zamani. Basi njia kati ya bahari na nchi yetu ilikanyagwa karne nyingi kabla ya misafara ambayo babu zetu walitusimulia, ile ya Pangani na Saadani.

Hapa yatupasa kusema na huzuni yake. Katika karne ya 19 ushanga ulikuwa kama fedha. Kila nchi ilikuwa na rangi yake iliyopendwa, na mfanya biashara aliyechukua rangi isiyotakiwa alipata hasara kubwa. Kwa nguo na shanga zilinunuliwa pembe za tembo, na kwa nguo na shanga walinunuliwa wanadamu. Katika njaa kuu ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walichukuliwa hata Somalia. Wajukuu wao wangali wakisema Kizigua kando ya mto Juba, na wengine wamerudi kwa sababu ya vita, wakapewa makao Chogo, katika wilaya yetu hii ya Handeni. Kwa hiyo mwenye ushanga wa kale asijivune tu. Akumbuke pia kwamba kitu kizuri kiliwahi kuwa bei ya mtu, naye Bwana wetu alikuja kumnunua mtu kwa damu yake, si kwa shanga.

Sasa twarudi kwa swali. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 28, Mungu aliagiza mawe kumi na mawili yatiwe katika kifuko cha kifuani cha Haruni, na akiki imo. Juu ya mawe hayo yaliandikwa majina ya wana wa Israeli. Haruni hakuyavaa ili yamlinde na wachawi. Aliyavaa ili awachukue watu wake moyoni mbele za Mungu. Lakini katika kitabu kile kile, sura ya 32, watu walivua pete za masikio yao, na Haruni yule yule akazifanya ndama, wakaisujudia. Basi pambo laweza kubeba majina ya watu, na laweza kufanywa mungu. Tofauti haimo katika jiwe, imo moyoni mwa mwenye kulivaa.

Kwa hiyo twawashauri haya.

Kwanza, jipime. Ivue shanga yako usiku mmoja, uiweke sandukuni, ulale. Ukilala kwa amani, hilo ni pambo na ukumbusho. Ukiogopa kwamba utaugua au mtoto atakufa, basi hiyo ni kago, nayo imekufunga. Nenda kwa Padre, mwombe pamoja. Wala walimu wenzetu wasimvue mtu kitu kabla ya kumwuliza alikipata wapi na kwa nini.

Pili, usichimbe makaburi wala magofu kutafuta shanga. Sisi watu wa Kang'ata tumezoea majembe na mashimo kwa sababu ya dhahabu, lakini kaburi si shimo la dhahabu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba vitu vya kale bila kibali, na kuvitoa nje ya nchi bila ruhusa vile vile. Tena ushanga ukitolewa mahali pake bila utaratibu, wenye elimu hawawezi tena kujua ulikuwa wa nani.

Tatu, usidanganyike, wala usidanganye. Si kila ushanga mwekundu ni wa kale. Katika mji wa Idar-Oberstein, Ujerumani, mafundi walitengeneza shanga nyingi za akiki kwa ajili ya soko la Afrika, na za kioo zenye kuiga mawe ni nyingi kupita hizo. Ukiona vipovu vidogo ndani, hicho ni kioo. Mtu akikuuzia ushanga "wa miaka elfu", huenda ulifanywa miaka michache tu iliyopita.

Nne, andika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Waulize bibi zenu wangali hai: ushanga huu ulitoka kwa nani, naye aliupata kwa nani? Andika majina hayo katika daftari la nyumba, kama mnavyoandika siku za ubatizo.

Sisi tulirudi Kang'ata na lile kopo la chaki. Yule mama alikuwa amekwisha kulala katika Bwana. Tulimkuta mjukuu wake akipepeta mahindi, tukamweleza kosa letu, tukampa uzi. Aliziangalia zile shanga tatu, akatuambia, "Bibi aliziulizia hata siku zake za mwisho. Nikamwambia zimekwisha tupwa. Akasema, 'La, Mwalimu anazo. Yule hatupi kitu cha watu.'"

Tukaona haya kubwa, maana alituamini kuliko tulivyostahili. Jumapili iliyofuata mjukuu alizivaa kanisani, kwa uzi mpya. Baada ya ibada wazee wa kike walimzunguka, wakamtajia majina ya bibi zake mpaka wa tano, majina ambayo hakuwahi kuyasikia. Jioni tuliyaandika pamoja naye, moja moja, katika daftari la nyumba yake.

Bwana awabariki ninyi na nyumba zenu.