Chungu Hakiondoi Sumukuvu

Swali hili huja kila msimu wa mavuno, na mara nyingi anayeuliza ni mtu aliyehudhuria mafunzo ya kuhifadhi nafaka: "Mtaalamu, mahindi yakiota ukungu kidogo, tukayasaga, tukasonga ugali ukaiva barabara, si sumu inakuwa imekufa?"

Haifi. Nimelijibu swali hili mara nyingi kiasi kwamba sasa naona nilijibu kwa maandishi, tena kwa kirefu, kwa sababu imani iliyo ndani yake ndiyo inayoyafanya mafunzo yaishie kwenye daftari.

Kuvu ni kiumbe hai na moto huwaua viumbe hai. Sumukuvu ni kitu kingine: ni kemikali ambayo kuvu wameshaitoa na kuiacha ndani ya punje. Ile inayotusumbua zaidi kwenye mahindi na karanga, aflatoksini, huhitaji zaidi ya nyuzijoto 200 ili iharibike kabisa. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na ugali umejaa maji. Usonge kwa dakika kumi au usonge hadi mkono ufe ganzi, joto halitafika huko. Kukaanga karanga hupunguza sehemu tu. Kuchachusha pombe ya mahindi hakuimalizi. Kukoboa hupunguza, kwa kuwa sumu nyingi huwa kwenye ganda na kiini, lakini hapo umeihamishia kwenye pumba, na pumba wanakula mifugo. Kuku huzorota na kupunguza kutaga, na ng'ombe huirudisha nyumbani kwako ndani ya maziwa. Ulimi nao usiutegemee: sumu hii haina ladha wala harufu, na punje inayoonekana safi inaweza kuwa nayo.

Asiyeniamini atazame yaliyotokea Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui. Watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa. Hawakutafuna mahindi mabichi. Walipika kama tunavyopika sote, wakala chakula cha moto pamoja na watoto wao. Mwaka 2016 msiba wa aina hiyo ulifika kwetu Dodoma na Manyara, na huko pia watu walikuwa wamepika. Tena hao ni wale waliokula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo miaka nenda rudi hujiongezea hatari ya saratani ya ini, na mwenye homa ya ini B yuko hatarini zaidi.

Kwa hiyo naomba tuache kuulizana kuhusu chungu. Darasani nikiuliza mahindi ya kuhifadhi yawe na unyevu kiasi gani, ukumbi mzima unajibu: asilimia 13.5. Nikipita siku ya kuanua, nakuta mahindi yamemwagwa uani juu ya udongo, kuku wanaparua, na mzee wa nyumba anang'ata punje. Ikilia, anasema imekauka. Jino haliwezi kutofautisha asilimia 13 na 16, na hapo katikati ndipo ghala zima huharibika. Mzee anaijua namba. Haitumii kwa sababu moyoni anaamini moto wa jikoni utarekebisha kila kitakachoharibika, na mwenye imani hiyo haoni sababu ya kuhangaika na turubai.

Kipimo kipo, na vifaa vyake viko jikoni. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, safi na kavu kabisa. Jaza mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu isiyoshikana, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Rudisha mahindi juani. Isipoganda, umeshuka chini ya hapo, lakini ongeza siku nyingine ya jua kali kabla ya kufunga magunia. Fanya hivyo leo na mahindi uliyonayo, hata kama ni debe moja, ili msimu ukifika mkono uwe umeshazoea.

Mengine mnayajua, nayataja tu: vuna mara mahindi yakikomaa, usiyaache shambani yanyeshewe. Anika juu ya turubai au kichanja, funika jioni. Usipukuchue kwa kupiga gunia kwa fimbo, punje zilizopasuka ndizo kuvu huanza nazo. Chambua kwa mkono, toa zilizooza, zilizobadilika rangi na zilizobunguliwa. Tumia mifuko isiyopitisha hewa, ufunge kila tabaka peke yake. Dumuzi hukosa hewa humo bila dawa. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta. Karanga nazo ni hivyo hivyo.

Zile ulizochambua na kuzitoa usiwape kuku, usipikie pombe, usimpe jirani. Zifukie. Na kama nyumbani mtu ameanza kuwa na macho ya manjano, tumbo linauma au linajaa maji, na wengine waliokula chungu kimoja naye wanatapika, wapelekeni hospitali siku hiyo hiyo, mkiwa mmebeba na unga mliokuwa mkila.