Herufi Mbili Nyuma ya Kopo la Oili

Bodaboda inatoka Himo kupanda Marangu, abiria nyuma na kiroba cha mchele kwenye tangi. Dereva anavuta moto, injini inapiga kelele, lakini mwendo hauongezeki. Anashusha gia, hali ni ileile. Akifika kwa fundi, jibu liko tayari: sahani za klachi zimekwisha. Zinafungwa mpya, na baada ya miezi michache ugonjwa unarudi. Mara nyingi hakuna aliyeuliza swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza: humu imewekwa oili gani?

Kwenye gari la gia za mkono, injini ina oili yake, gia boksi ina yake, na klachi kwa kawaida hufanya kazi ikiwa kavu. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria Afrika Mashariki, iwe Boxer, TVS HLX au Honda, haziko hivyo. Oili ileile, ambayo kwa nyingi ni kama lita moja tu, inalainisha pistoni, inapita kwenye meno ya gia na kuziogesha sahani za klachi. Inatakiwa iondoe msuguano kwenye silinda, na papo hapo ibakize msuguano wa kutosha kwenye klachi ili sahani zishikane.

Oili nyingi za kisasa za magari hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Watengenezaji wa magari walipoanza kusaka oili zinazopunguza ulaji wa mafuta, viwanda viliongeza viambato vya utelezi, vingine vyenye molibdeni. Injini za magari zilinufaika; klachi za pikipiki zikaanza kuteleza. Japani, nyumbani kwa Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki, ikaja na dawa mwaka 1998: kiwango kinachoitwa JASO T 903. Oili inajaribiwa kwenye mashine yenye sahani za klachi. Inayoziacha zishikane inapewa herufi MA, inayoteleza inapewa MB. Mwaka 2006 kundi la MA likagawanywa kuwa MA1 na MA2, na MA2 ndiyo yenye mshiko mkubwa zaidi. MB inafaa skuta za mkanda, ambazo klachi yake haigusani na oili ya injini.

Herufi hizo kwa kawaida ziko nyuma ya kopo, kwa maandishi madogo, huku mbele kumejaa picha ya pikipiki inayopaa. Mnunuzi aligeuze kopo. Alama ya API, kama SL iliyoanza 2001 au SN ya 2010, inaeleza jinsi oili inavyoilinda injini; kuhusu klachi haisemi kitu. Na kopo lenye maneno Resource Conserving ni la gari, hata bei yake ikivutia namna gani.

Baada ya herufi ndipo zije namba, ingawa vijiweni mjadala huanzia huko. Namba yenye W inahusu baridi: oili ya 20W hupimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, ya 10W nyuzi 25 chini ya sifuri. Hata asubuhi ya barafu ya Kitulo haifiki huko, kwa hiyo namba hiyo isimnyime dereva wa huku usingizi. Ya pili ndiyo yenye uzito, kwa sababu inaeleza unene wa oili kwenye joto la nyuzi 100, injini ikiwa kazini. Bajaj imekuwa ikielekeza 20W-50 kwa Boxer. Honda huelekeza 10W-30 kwa pikipiki zake ndogo nyingi. Imani kwamba oili nzito ndiyo bora imewagharimu wengi. Injini iliyoundwa kwa namba 30 ikipewa 50 inakuwa nzito na kula mafuta zaidi. Iliyozoea 50 ikipewa 30, oili inaweza kupenya kwenye ringi na kutoa moshi wa bluu.

Wapo wanaoweka oili ya dizeli ya 15W-40 na kuapa kwamba klachi haijawahi kuteleza. Huenda ni kweli, maana baadhi ya oili hizo zimefaulu kipimo cha JASO na zimeandikwa MA. Isiyoandikwa ni bahati nasibu, sawa na oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, ambayo haina hata kopo la kugeuza.

Hata oili sahihi huchoka. Meno ya gia huzikatakata molekuli zinazoipa unene, na anayetembea kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, anafikisha 2,400 ndani ya wiki nne. Kiwango chake nacho kiangaliwe: kwa lita moja, hata upungufu mdogo ni mkubwa. Kwenye Honda CG125, kwa mfano, oili hupimwa kwa kijiti pikipiki ikiwa imesimama wima, bila kukizungusha kijiti kwenye nyuzi zake. Dereva akikikaza, atasoma oili nyingi kuliko iliyomo.

Klachi ikishaanza kuteleza, kabla ya kununua sahani fundi aangalie kwanza kama waya wa klachi umekazwa kupita kiasi, kisha amwage oili yote ingali ya moto na kuweka ya MA2. Sahani ambazo hazijaungua zinaweza kurudisha mshiko baada ya kubadilisha oili mara moja au mbili. Zilizoungua hutoa harufu kali kwenye oili inayomwagwa, na hizo hazina budi kubadilishwa.