Fundo wana bahari, staa ana bwawa: Nani anaoga maji safi?

FUNDO, PEMBA. UKITOKA Wete kwa boti kuelekea magharibi, Fundo iko mbele ya macho yako, kisiwa chembamba kilicholala kama beki aliyeamua leo hapiti mtu. Ni kisiwa cha wavuvi. Kijana wa hapo akimaliza tizi la jioni hana habari ya beseni la barafu wala kitanda cha masaji. Anavua jezi, anaingia baharini hadi kifuani, anatembea kidogo, anapiga mbizi mbili tatu, anatoka. Kesho yake miguu ipo freshi.

Hapo hakuna uchawi. Maji yakifika kifuani hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili, magoti na vifundo vinapumzika, na mgandamizo wa maji unasaidia damu kurudi juu kutoka miguuni. Ndiyo maana mashindano ya mechi za kubanana hayaendi bila maji. Januari 2025, Kombe la Mapinduzi lilipopigwa Gombani pale Chake Chake na Zanzibar Heroes wakalibeba kwa kuichapa Burkina Faso 2-1 kwenye fainali, ratiba ilikuwa ya kucheza, kupumzika kidogo, kisha kurudi dimbani.

Klabu zenye uwezo hulipia kitu hichohicho mkwanja mrefu. Azam FC wana bwawa lao la kuogelea kule Chamazi. Wengine wanatafuta hoteli yenye bwawa wakiweka kambi. Na staa akishasaini mkataba mnono, bwawa la nyumbani ni kati ya vitu vya kwanza kuingia kwenye ramani ya nyumba anayoiota. Shida inaanzia hapo.

Fundo, maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua hupanda na kushuka mita tatu na ushee. Jasho, vumbi la uwanja, mafuta ya kuchulia misuli, vyote vinakwenda na maji. Bwawa la nyumbani halina bamvua. Jasho lililoingia Jumamosi litakuwemo humo hadi Jumatano kama hakuna mtu wa kulitoa.

MADUMU 2,400

Chukua bwawa la kawaida tu: urefu mita 8, upana mita 4, kina cha wastani mita 1.5. Humo mna lita 48,000. Ni madumu 2,400 ya lita 20. Jua la mwambao likila milimita 5 tu kwa siku, lita 160 zimeshaondoka, madumu manane, na hakuna aliyeoga. Kwa hesabu hiyo, wazo la "yakichafuka tunamwaga tunajaza mengine" lisahauliwe. Maji ni yaleyale, kinachotakiwa ni kuyasafisha kila siku.

Kazi ya bamvua inafanywa na pampu. Kwa bwawa hili, pampu inayosukuma lita 6,000 kwa saa ikiwashwa kwa masaa manane inakuwa imepitisha ujazo wote kwenye chujio mara moja. Chujio lenyewe mara nyingi ni tangi la mchanga. Uchafu ukijaa, mshale wa presha unapanda, na hapo maji hupitishwa kinyume ili uchafu utoke nje. Wengi wanaona maji yanatoka kinyonge kwenye mdomo wa bomba wanadhani pampu imekufa, wanaita fundi, kumbe ni mchanga tu umeshiba.

Ila pampu haifiki kila kona. Nyuma ya ngazi na kwenye pembe maji hayatembei, na utelezi huanzia huko. Brashi ipite kwenye kuta angalau mara moja kwa wiki, wavu wa kuokota majani kila asubuhi.

STRAIKA KAKABWA

Dawa inayotumika sana ni klorini. Kiwango kinachotakiwa ni kati ya miligramu 1 na 3 kwa kila lita. Kwa bwawa letu la lita 48,000, klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65, gramu 75 hivi zinatosha kupandisha miligramu moja. Gramu 75! Si ndoo, wala si kukadiria kwa jicho.

Tatizo ni kwamba klorini inaweza kuwemo na isifanye kazi. Kuna kipimo kinaitwa pH, kinachoonyesha maji yameelemea uchachu au umagadi. Kikiwa 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini iko kwenye hali ya kuua vijidudu. Kikiwa 7.5 ni nusu. Kikifika 8 inabaki kama robo. Straika jina lipo kwenye kikosi, jezi kavaa, ila kakabwa hadi filimbi ya mwisho. Ndiyo maana pH hutakiwa iwe kati ya 7.2 na 7.8, na ndiyo hupimwa kwanza, kwa vijiti au matone, kabla ya mtu kuongeza dawa juu ya dawa.

Na ile harufu kali inayochoma pua, ambayo watu huisifia kwamba "hapa maji safi", kwa kawaida inasema kinyume. Ni klorini iliyogongana na jasho na mkojo. Bwawa lililotunzwa halinuki hivyo.

Wakubwa nao wamewahi kuchapia. Agosti 2016, kwenye Olimpiki ya Rio, bwawa la kurukia lilibadilika likawa la kijani huku dunia nzima inatazama. Baadaye waandaaji walieleza kuwa ilimwagwa hidrojeni peroksaidi, nayo ikaiua nguvu klorini. Bwawa la jirani nalo liliharibika, ikabidi wamwage maji yote na kujaza mengine kabla ya mashindano. Kijani kile ni mwani. Pemba mwani ni pesa, kina mama wanaulima na kuuza, lakini huu wa bwawani hauna mnunuzi.

STAA AKIENDA KAMBI

Ratiba ya mpira haina huruma na bwawa. Mchezaji anakwenda kambi siku kumi, pampu imezimwa ili kuokoa umeme, jua la mchana linaikata klorini, na siku chache tu zinatosha kugeuza maji kuwa kijani. Akirudi asijitupe humo. Asugue kuta, apime pH, aweke dozi kubwa ya klorini jioni jua likizama, pampu ikeshe, chujio lisafishwe. Asiingie mtu hadi klorini ishuke na sakafu ya upande wa kina ionekane. Usipoiona sakafu, hutamwona na mtoto aliyezama.

Bwawa chafu linaweza kumweka mchezaji benchi bila kuguswa na beki: masikio, macho, ngozi, tumbo. Kuna kijidudu cha kuharisha, kriptosporidia, kinachodumu zaidi ya wiki hata kwenye klorini ya kiwango. Mmoja akiingia na tumbo linalomsumbua, anaweza kuondoka na nusu ya kikosi. Anayeharisha akae nje, na akipona asubiri wiki mbili. Mwenye kidonda kibichi cha nyasi bandia naye asubiri.

Kuna tabia moja ya kisiwani inabidi igeuzwe. Baharini unaoga kwanza, halafu unasuuza chumvi. Bwawani unajisuuza kwa sabuni kwanza, ndipo unaingia.

Dawa zenyewe nazo si za kuchezea. Klorini na asidi zikikutana hutoa gesi inayoua, hivyo zisikae hata rafu moja. Dawa ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe juu ya dawa.

Halafu uzio, pande zote nne, usiopungua mita 1.2, na geti linalojifunga lenyewe. Mtoto wa Fundo ameyazoea maji tangu mdogo. Wale wanaokuja kumtembelea staa mjini, wengi hawajui hata kuelea.