Mashindano ya Watoto Mwishoni mwa Juma na Siku ya Bwana: Fundisho kutoka Uwanja wa Barafu



Wazazi wengi wamekuwa wakituuliza sisi mapadre swali hili: mtoto wangu yumo katika timu, na timu ina mashindano Jumamosi na Dominika, je, acheze au aende kusali? Swali hili nililikabili kwa uzito wake kamili, si hapa nyumbani, bali nchini Kanada, ambako nilipata kusaidia utume wa kiparokia kwa muda katika jimbo la Ontario. Huko mchezo unaozikusanya familia wakati wa baridi ni mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Ningependa kueleza mchezo huo na mashindano yake, kisha tutazame kwa pamoja Mama Kanisa anatufundisha nini kuhusu jambo hili.

Mchezo wenyewe

Hoki ya barafuni huchezwa katika uwanja wenye urefu wa takribani mita 60, uliozungushiwa ukuta mfupi wa mbao au plastiki ngumu. Kila timu huwa na wachezaji sita uwanjani, kipa akiwa mmojawapo. Wote huvaa viatu vyenye vyuma vyembamba vya kutelezea, kofia ngumu na kinga mwilini. Badala ya mpira wa duara hutumika kisahani cheusi cha mpira mgumu, chenye kipenyo cha sentimita 7.6 na uzito wa kati ya gramu 156 na 170. Mchezo hugawanywa katika vipindi vitatu, navyo kwa watoto hufupishwa. Kwa kuwa kazi yake ni nzito, mchezaji hukaa uwanjani kwa muda unaokaribia dakika moja tu, kisha hutoka na mwenzake huingia. Anayekosa hupelekwa na mwamuzi kwenye benchi la adhabu, kwa kawaida kwa dakika mbili, na muda huo wote wenzake hucheza wakiwa pungufu. Hivyo kosa la mmoja hubebwa na wote.

Timu niliyoifahamu ilikuwa ya watoto wa miaka 11 na 12. Katika umri huo hawaruhusiwi kugongana kwa makusudi kama wafanyavyo watu wazima. Shirikisho la mchezo huo nchini Kanada lilipiga marufuku jambo hilo kwa kundi hilo mwaka 2013, kwa ajili ya kuwalinda watoto dhidi ya majeraha, hasa ya kichwa.

Ratiba inayotawala nyumba

Mashindano ya mwishoni mwa juma huendeshwa hivi. Timu kadhaa hukusanyika katika mji mmoja tangu Ijumaa jioni. Kila timu huhakikishiwa mechi chache za awali, ambazo nyingi huchezwa Jumamosi. Zinazofanya vizuri hucheza nusu fainali Dominika asubuhi na fainali Dominika mchana. Uwanja wa barafu ni ghali kuutunza na timu ni nyingi, kwa hiyo mechi hupangwa tangu alfajiri hadi usiku. Familia husafiri kwa magari saa mbili au tatu, hulala hotelini, na mzazi mmoja huweza kujikuta akifunga kamba za viatu vya mtoto saa 12 asubuhi huku nje kukiwa na giza na theluji.

Ijumaa moja, muda mfupi kabla ya safari ya namna hiyo, mama mmoja alinijia sakristiani. Mwanawe alikuwa kipa wa timu na pia mtumishi wa altare. Ratiba ilionesha kwamba wakishinda Jumamosi, nusu fainali ingekuwa Dominika saa 4 asubuhi, saa ileile ya Misa waliyoizoea. Alitaka kujua afanye nini. Nami, nikiwa na haraka na nikijiamini kupita kiasi, nilimjibu kwamba Dominika ni Dominika na mtoto asicheze. Yule mama aliinamisha kichwa na kuondoka bila kusema neno.

Nilipomsimulia paroko, mzee aliyekuwa amezihudumia familia za wanamichezo kwa miaka mingi, hakunikemea. Aliniuliza tu kama nilikuwa nimetazama saa za Misa za parokia ya mji ule waendako. Sikuwa nimetazama. Alichukua simu mwenyewe, akaulizia, na baada ya dakika chache akampigia yule mama kumweleza kwamba katika mji huo kulikuwa na Misa Jumamosi saa 11 jioni, umbali mfupi kutoka uwanjani. Mimi niliyesomea Sheria za Kanisa seminarini nilikuwa nimemtwisha mama yule mzigo ambao Kanisa lenyewe halikuwa limemtwisha.

Kanisa linaagiza nini?

Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni namba 1247, unawaagiza waamini kushiriki Misa Takatifu siku ya Dominika na sikukuu zilizoamriwa, na kujizuia na kazi au shughuli zinazozuia ibada kwa Mungu, furaha ya Siku ya Bwana, au pumziko la lazima la akili na mwili. Kanuni ya 1248 inaeleza kwamba amri hiyo inatimizwa na yeyote anayeshiriki Misa popote inapoadhimishwa katika riti ya Kikatoliki, iwe siku yenyewe au jioni ya siku inayotangulia. Anayesali Jumamosi jioni akiwa safarini ametimiza wajibu wake kikamilifu, wala hajafanya ujanja wowote.

Je, mtoto anabanwa na amri hii? Kanuni ya 11 inafundisha kwamba sheria za Kanisa zinawahusu wabatizwa walio na matumizi ya kutosha ya akili na waliotimiza miaka saba. Kwa hiyo mtoto wa miaka 11 anahusika. Lakini mtoto huyo hana gari, hana nauli, wala si yeye apangaye safari. Wajibu wa kumfikisha kanisani ni wa wazazi wake. Mtoto asinung'unikiwe kwa Misa ambayo wakubwa hawakumpeleka.

Na kama haiwezekani kabisa? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2181, inataja sababu nzito zinazomwondolea mwamini wajibu huu, kama vile ugonjwa au kuwatunza watoto wachanga, na pia ruhusa itolewayo na mchungaji wake. Kanuni ya 1245 inampa paroko mamlaka ya kutoa ruhusa hiyo kwa sababu ya haki katika nafasi mahususi, au kuubadili wajibu kuwa tendo jingine la uchaji. Namba hiyohiyo ya Katekisimu inafundisha wazi kwamba kuacha Misa ya Dominika kwa makusudi, bila sababu ya namna hiyo, ni dhambi kubwa. Kupenda mchezo peke yake si sababu nzito. Basi mzazi mwenye shaka amwendee paroko wake kabla ya safari, badala ya kujihukumu au kujisamehe mwenyewe baada ya safari.

Waandaaji wa mashindano nao wana wajibu. Katekisimu, namba 2187, inapozungumzia shughuli za Dominika, ikiwemo michezo, inawataka waamini wajiepushe kuwadai wengine mambo yasiyo ya lazima yatakayowazuia kuishika Siku ya Bwana. Kiongozi Mkatoliki akaaye katika kamati ya michezo anapopanga mechi ya watoto saa ya Misa, wakati saa nyingine zipo, anapaswa kuijibu dhamiri yake.

Zaidi ya kutimiza amri

Jumamosi ile watoto walishinda. Jioni, familia nne za timu zilikwenda Misa zikiwa na makoti ya timu, na nywele za watoto zilikuwa bado zimelowa. Dominika asubuhi walifungwa katika nusu fainali, na bao la mwisho lilimpita yule kipa katikati ya miguu. Alilia. Kisha, kama ilivyo desturi ya mchezo huo, timu zote mbili zilijipanga katika mistari miwili zikapeana mikono, naye akapita mstarini na machozi yake, akimshika mkono kila aliyemshinda. Niliyasikia haya kwa mama yake juma lililofuata, nilipomwomba radhi kwa jibu langu la haraka.

Lakini baba wa mtoto aliongeza jambo ambalo sijalisahau. Alisema kwamba tangu mwezi wa Oktoba hawakuwa wamekula chakula cha Dominika pamoja wote watano nyumbani. Misa hawakuikosa; siku zote waliitafutia nafasi. Hata hivyo ratiba ya hoki ilikuwa imekuwa mwenye nyumba, na Misa mgeni wa kubahatika. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka wake wa Kitume kuhusu Siku ya Bwana, *Dies Domini*, wa tarehe 31 Mei 1998, alieleza kwamba Dominika ni siku ya Kristo Mfufuka, siku ya Kanisa na siku ya mwanadamu: siku ya furaha, ya pumziko na ya mshikamano. Familia inaweza kutimiza saa moja ya Misa na bado ikaipoteza Dominika nzima, majuma ishirini mfululizo.

Mfano wa Padre Bauer

Je, inawezekana kuupenda mchezo kwa dhati na bado kuuwekea mpaka? Historia ya mchezo huohuo inatupa jibu. Padre David Bauer, wa Shirika la Mtakatifu Basili, alizaliwa mwaka 1924, akawa mchezaji hodari tangu ujana wake, na akapewa Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1953. Alifundisha hoki katika shule ya shirika lake mjini Toronto, St. Michael's College. Mwaka 1961 timu yake ya vijana ilitwaa Memorial Cup, taji kuu la vijana nchini Kanada. Mwaka huohuo, ikiwa katika kilele cha ushindi, shule iliiondoa timu hiyo katika ligi kuu ya vijana, kwa kuwa wingi wa mechi na safari ulikuwa unayaharibu masomo ya vijana. Hawakuuacha mchezo; waliukataa tu uwe bwana.

Padre Bauer aliendelea kutafuta namna ya kijana kusoma na kucheza kwa pamoja, na kutokana na juhudi hizo ikazaliwa timu ya taifa ya wanafunzi iliyokwenda katika Michezo ya Olimpiki ya Innsbruck mwaka 1964. Katika mechi dhidi ya Uswidi, mchezaji Carl Öberg alimjeruhi usoni kwa gongo Padre huyo aliyekuwa kwenye benchi la ufundi. Wachezaji wake walitaka kulipiza; aliwaamuru wabaki mahali pao. Baadaye alimwalika Öberg waketi pamoja kutazama mechi nyingine. Kanada ilimaliza ya nne, bila medali; lakini Padre Bauer alitunukiwa medali maalumu ya dhahabu kwa uungwana wake. Alifariki dunia mwaka 1988, na mwaka uliofuata jina lake likaingizwa katika ukumbi wa heshima wa mchezo huo.

Na kwetu je?

Barafu haiko mbali nasi kama tudhaniavyo: Nairobi ina uwanja wa barafu wenye timu za hoki, na Kenya ilipokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo mwaka 2024. Lakini hata pasipo barafu, Dominika za watoto wetu zinagombaniwa: mabonanza ya soka, mazoezi ya timu za mtaa, na masomo ya ziada yanayoanza saa moja asubuhi. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, hakuona haya kuwatumia wakimbiaji na mabondia kuwa mfano wa maisha ya Kikristo (1Kor 9:24-27). Michezo ni njema. Inamfundisha mtoto kutii kanuni, kushindwa bila chuki na kuubeba udhaifu wa mwenzake.

Kwa hiyo nawaomba wazazi mambo matatu. Kwanza, msimu unapoanza, kaeni na kalenda mezani, muamue mapema Dominika zipi ni za nyumbani, kisha mwambieni mwalimu wa timu kwa heshima. Pili, kila mpangapo safari, tafuteni saa za Misa kabla ya kutafuta mahali pa kulala. Tatu, mtoto asikie kwenu kwamba mnakwenda Misa pamoja naye kwa sababu ninyi wenyewe mnaihitaji. Nasi mapadre tunapoulizwa, tusijibu kwa haraka kama nilivyofanya mimi; tuchukue simu, tumsaidie mzazi kuitafuta Misa.

Yule kipa aliendelea kucheza msimu mzima. Wazazi wake walichagua Dominika moja katika kila mwezi ambayo timu ingecheza bila yeye, na mwalimu akamwandaa kipa wa pili. Timu ilipata kipa mwingine, na nyumba ile ikarudi kula pamoja.

Bwana Mfufuka awabariki watoto wetu, viwanjani na mezani pake.